Picha za Kihindi za zamani zinakufa hivi hivi: ipi iokolewe kwanza, na kwa nini diski zake ni mbovu?

Mwana_Ngambo #1
Asalaam aleykum wakubwa. Kuna jambo limenikaa rohoni tokea Ijumaa nalitoa hapa, maana najua humu mna watu wa picha.

Bi mkubwa wangu ana miaka 74. Ujana wake ulikuwa wa sinema ya Majestic, shoo za wanawake, buibui na karanga ndani ya mkoba. Nimemnunulia tivii ya inchi 55 na nikamwagizia diski ya Pakeezah, ile picha anayoihadithia kila siku. Tumekaa, picha imeanza, bi mkubwa kimya. Kama robo saa hivi akasema "mwanangu, hii siyo." Nikamwambia mama ndiyo yenyewe, si Meena Kumari huyo? Akasema Meena Kumari namjua, huyu uso wake kama mshumaa, na wale wanawake waliokuwa wakicheza kwenye mabaraza kule nyuma wako wapi?

Nikatizama vizuri. Picha imekatwa kushoto na kulia ili ijae tivii za zamani zile za mraba. Pale kwenye Inhi Logon Ne, nyuma yake kuna majumba na kila baraza ina mchezaji wake anazunguka, sasa wengi wamekatwa, mwengine amebaki mkono tu unaingia na kutoka. Chini kuna logo ya kampuni inang'aa mwanzo mpaka mwisho. Nyimbo moja imerukwa katikati, ubeti mzima haupo.

Picha hii Kamal Amrohi aliianza miaka ya 50 ikiwa nyeusi na nyeupe, akabadilisha ikawa ya rangi na ya upana ule wa CinemaScope, ikatoka Februari 1972, na Meena Kumari akafariki mwisho wa Machi mwaka huo huo. Mtu kamaliza umri wake mle halafu sisi tunauziwa hivi?

Kwa hivyo nauliza, kwa nini picha kubwa namna hii hazipati diski nzuri, na wewe ukipewa hela ungeanza kuiokoa ipi?

Mzee_wa_Odeon #2
Mpe shikamoo bi mkubwa, kaona sawasawa. Mimi naanza na Mother India ya 1957 bila kufikiri mara mbili. Nargis na jembe, tope mpaka magotini. Niliiona Dar nikiwa nimebebwa mabegani na kaka yangu na nilitoka nalia, nimeirudia ukubwani nikalia pale pale. Kopi niliyonayo ya DVD tope ni la zambarau.

Mtoto_wa_2000 #3
Wazee wangu mtanisamehe ila YouTube zipo zote bure, mnunue diski ya nini? Bando la elfu mbili unaangalia picha tatu 😂

Mwana_Ngambo #4
@Mtoto_wa_2000 zipo yakhe, ila ni hii hii mbovu imepandishwa. Aliyeipandisha kaitoa kwenye diski, diski imetoka kwenye kanda ya video, kanda imetoka kwenye rili iliyokwishachezwa mji mzima. Ni kama kunywa chai ya majani yaliyochemshwa mara nne.

Leicester_Mswahili #5
Salaam wote. Mimi nakusanya diski mwaka wa kumi na tano huu, rafu nzima sebuleni, shemeji yenu kashachoka. Picha za Kihindi nzuri za Blu-ray zipo ila karibu zote ni za Kibengali za Satyajit Ray. Criterion, kampuni ya diski ya Marekani, wametoa Charulata, Mahanagar, Nayak, Jalsaghar, na wametoa zile tatu zake zinazomfuata kijana Apu. Na yule mcheza ngoma Uday Shankar pia, Kalpana yake ya 1948 ilisafishwa na ile taasisi ya Martin Scorsese, mtengeneza filamu wa Marekani, ikaoneshwa tamasha la Cannes 2012 na sasa ipo kwenye diski. Ukija kwenye zile tulizokua nazo sisi, za Raj Kapoor, za Mehboob Khan, za Guru Dutt, rafu inakuwa nyeupe.

Na hizo za Apu nendeni mkasome habari yake. Negativu zake, yaani filamu ya asili iliyopita kwenye kamera, ziliungua India 1993, watu wakasema basi, kisha zikafufuliwa.

Fundi_Kanda #6
Mkuu hapo rekebisha kidogo, hazikuungulia India, ziliungulia London kwenye maabara zilikopelekwa. Mabaki yakachukuliwa na hifadhi ya Academy, wale wa tuzo za Oscar kule Marekani, watu hawakuyatupa ijapokuwa yalikuwa hayawezi hata kupita kwenye mashine. Miaka ishirini baadaye mafundi wa Bologna, Italia, wakayalainisha, wakaunga matundu ya pembeni kwa mkono moja moja. Wakapata kama asilimia 40 ya Pather Panchali, ile ya kwanza, na zaidi ya 60 ya Aparajito, ya pili, kwenye negativu ile ile iliyoungua, pengine pote wakajazia kwa kopi nyingine. 2015 ikatoka.

Sasa kwa nini nyingine hazipati bahati hiyo, mimi kwa kazi yangu (nahamisha kanda na rili kwenda kwenye kompyuta, harusi nyingi, picha chache) nawaambia adui namba moja ni kemikali na joto. Mpaka mwanzo wa miaka ya 50 filamu zilikuwa za nitreti, ile inawaka kama petroli. Baadaye ikaja ya asetati wakaiita salama, haiwaki hovyo kweli, ila ikikaa kwenye joto na unyevu inaanza kutoa harufu ya siki. Ukifungua kopo ikakupiga puani hivi ujue imeshaanza, inasinyaa, inajikunja kama ganda la mti, na moshi wake unaambukiza makopo ya jirani. Haiponi. Unaipunguzia kasi tu kwa baridi na ukavu. Sasa fikiria ghala la Mumbai msimu wa mvua.

Na ile zambarau ya @Mzee_wa_Odeon ni hiyo hiyo, kopi za Eastmancolor, ile filamu ya rangi ya Kodak, bluu na kijani hukimbia kwanza unabaki na wekundu.

Mzee_wa_Odeon #7
Ahsante fundi. Lakini mbona Mother India niliyoiona mimi zamani ilikuwa imechakaa mistari tele na rangi bado ziko vilevile?

Fundi_Kanda #8
Kwa sababu Mother India ilipigwa kwa filamu ya rangi ya Gevacolor halafu kopi zikachapwa Technicolor, mzee. Ule uchapaji wa zamani wa Technicolor ni kama kanga, rangi inapigwa juu ya rangi, haipauki kirahisi. Ndo maana inauma zaidi, rangi sahihi zilikuwepo, mtu kachukua kopi mbaya kuliko zote ndo katengenezea DVD.

PwaniMoja #9
Nasoma kutoka Mombasa, wallahi uzi huu umenikamata. Joto ni kisingizio bana. Joto lipo na Italia. Mimi nasema ni moto na uzembe, ile picha ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara ya 1931, iliteketea kwenye moto wa hifadhi ya filamu ya Pune, India, mwaka 2003, hakuna hata kopi moja duniani. Ukichoma kitu kama hicho wewe si mtunzaji.

Leicester_Mswahili #10
@PwaniMoja moto wa 2003 upo kweli na ulikula vitu vingi vya nitreti, ila Alam Ara haikuwemo. P. K. Nair, yule aliyeijenga hifadhi ya taifa pale Pune, iliyoanzishwa 1964, alisema wazi kwamba hawakuwahi kuipata. Alimfuata Ardeshir Irani mwenyewe aliyeitengeneza, na mtoto wa Irani akaja kumwambia kwamba rili walizokuwa nazo alishazitoa, zikayeyushwa kwa ajili ya fedha.

Mtoto_wa_2000 #11
Fedha hela au fedha madini?

Leicester_Mswahili #12
Madini, ile ya pete. Filamu nyeusi na nyeupe picha yake yenyewe ni chembe za fedha. Ilikuwa biashara kabisa, picha ikimaliza kuzunguka unaiuza kwa kilo, wanaiosha, fedha inatoka, plastiki iliyobaki inafanyiwa mambo mengine. Ndo sababu yangu mimi, kabla ya joto, kabla ya moto. Mwenye picha aliona picha iliyokwisha kuoneshwa ni mzigo wa kulipia ghala.

Ukitaka kuamini, Bilwamangal ya 1919, ya Calcutta, India walikuwa hawana. Kipande chake kimekutwa Ufaransa na kikarudi Pune 2016. Picha inazaliwa Calcutta inakutwa Paris.

Muscat_Usiku #13
Nyote mnazungumzia kufa, mimi nazungumzia zile zilizo hai na bado zinauzwa mbovu. Hapa Oman kila duka la zamani lilikuwa na kanda za Kihindi ukutani mpaka dari. Miaka ya 80 wenye picha waliuza haki za video kwa mafungu, picha hamsini kwa mkupuo, na mnunuzi akaenda akatafuta kopi yoyote ya karibu akaihamisha usiku mmoja. Kazi ile ya usiku mmoja ndiyo iliyogeuzwa VCD, ikageuzwa DVD, ikawekwa mtandaoni. Hakuna aliyerudi kwenye negativu kwa sababu kurudi ni gharama na mteja alikuwa ananunua hivyo hivyo. Tatizo ni biashara, siyo siki.

Changu cha kwanza kuokoa ni Kaagaz Ke Phool ya Guru Dutt, 1959, ndiyo CinemaScope ya kwanza ya India. Kuna ule mwali wa jua unaoshuka ndani ya studio, mpiga picha wake Murthy aliupata kwa kulizungusha jua kwa vioo. Kwenye DVD yangu mwali ule umekatika vipande vipande kama ngazi. Nimezima nikakaa gizani.

Wakili_Mdogo #14
Niingie kwa upande wa sheria maana nimeona hamjaigusa. Kwa sheria ya hakimiliki ya India ya 1957 filamu inalindwa miaka 60 baada ya kutolewa. Maana yake Awara ya 1951, Pyaasa ya 1957, Mughal-e-Azam ya 1960, hizo zote ulinzi umekwisha, mtu yeyote anaweza kuzitoa. Mtadhani hiyo ni habari njema. Sasa jiulize nani ataweka mamilioni kusafisha picha ambayo jirani yake kesho ataikopi na kuiuza mia mbili bila kosa? Na negativu yenyewe, lile kopo, ni mali ya mtu, sheria ya hakimiliki haimlazimishi akufungulie mlango. Haki imekwisha, ufunguo bado anao. Na zile ambazo haki haijaisha ndugu wa marehemu watano hawazungumzi, kila mmoja anadai ni yake.

PwaniMoja #15
Nimekubali kuhusu Alam Ara, shukran Leicester. Ila wakili, Sholay imewezekanaje kusafishwa basi?

Wakili_Mdogo #16
Sholay ni ya 1975, bado ina mwenyewe, na mwenyewe alitaka. Hiyo ndo tofauti.

Fundi_Kanda #17
Sholay niachieni mie. Familia ya Sippy, wenye picha, walikuwa na makopo kwenye ghala Mumbai hayana hata majina, wakawaita Film Heritage Foundation, taasisi ya kuhifadhi filamu, ile ya Shivendra Singh Dungarpur iliyoanzishwa 2014. Negativu ya kwanza imeharibika vibaya, kopi za milimita 70 hakuna hata moja iliyobaki, lakini London kukakutwa makopo mengine. Kazi imechukua miaka mitatu, Bologna tena, na Juni 2025 ikaoneshwa kule ikiwa na mwisho wake wa asili, Thakur mwenyewe anammaliza yule jambazi Gabbar. Ule mwisho tulioujua sote wa polisi kuingia ni bodi ya udhibiti ndo iliyoulazimisha, ilikuwa kipindi cha hali ya hatari ya Indira Gandhi.

Dakika 204. Picha 24 kwa sekunde, piga hesabu, zinakaribia laki tatu na kila moja mtu kaitazama.

Mzee_wa_Odeon #18
Mwisho wa Thakur mbona mimi nimeuona kwenye kanda miaka hiyo? Jirani yangu alikuwa nao tukabishana wiki nzima na wenzetu walioiona sinema, wakatuita waongo.

Muscat_Usiku #19
Ulikuwepo, kanda za nje zilikuwa nao, hata huku ulizunguka. Mliitwa waongo mkiwa na haki, mzee.

Mzee_wa_Odeon #20
Miaka arobaini na kitu. Ngoja nimpigie mmoja wao bado yu hai Kariakoo.

Mtoto_wa_2000 #21
Nimeanza kuelewa sasa. Swali, kwa nini wasizitie rangi zile nyeusi na nyeupe ndo vijana tuangalie? Mughal-e-Azam niliiona ya rangi kwa shangazi nikaipenda.

Muscat_Usiku #22
Hapana hapana hapana. Kutia rangi si kusafisha, ni kupaka.

Mwana_Ngambo #23
Hapo Muscat nakupinga kidogo. Ile ya rangi ya 2004 imeirudisha picha kwenye sinema, bila ya hivyo shangazi yake huyu kijana asingekuwa nayo. Na ilikuwa nyeusi na nyeupe yote, K. Asif mwenyewe aliyeitengeneza angependa rangi.

Leicester_Mswahili #24
Haikuwa yote kaka. Pyar Kiya To Darna Kya, ule ukumbi wa vioo, ulikuwa wa rangi tangu 1960, na rili za mwisho pia. Ndo utamu wenyewe, umekaa saa mbili kwenye weusi na weupe halafu mwigizaji Madhubala anaingia na vioo elfu vinawaka rangi kwa mara moja. Ukishapaka yote ule mshtuko umeuua. Mimi nataka ile ya 1960 kwenye diski, na hiyo ya rangi iwe diski ya pili kwa anayeitaka.

Mwana_Ngambo #25
Nimemuuliza bi mkubwa. Anasema ukumbi mzima ulisema "aaaah". Kwa hivyo nimerudi nyuma, Leicester kashinda hapo.

PwaniMoja #26
Kuna sababu moja hamjaitaja, sisi wenyewe. Sisi wa pwani nyimbo hizi tumezitia kwenye taarab, maharusi wanachezea, lakini nani kati yetu alishanunua diski halali? Mimi sijawahi, nasema ukweli wa Mungu. Soko lisiloonekana haliokolewi.

Wakili_Mdogo #27
Kweli ila India yenyewe watu wananunua tiketi. 2022 walirudisha sinema picha za Amitabh, kisha za Dilip Kumar, 2024 za Raj Kapoor alipotimiza miaka mia, kumbi zikajaa. Serikali nayo ina mradi wake wa urithi wa filamu pale pale Pune. Awara imesafishwa, Do Bigha Zamin ya Bimal Roy imeoneshwa Venice 2025. Zinasafishwa, zinaoneshwa usiku mmoja kwenye tamasha, halafu diski haitoki. Hapo ndo mimi sielewi.

Muscat_Usiku #28
Ndo nilichosema #13. Biashara.

Fundi_Kanda #29
Na mimi narudi #6, maana hata Umrao Jaan ya 1981, juzi tu, negativu ilikutwa imeharibika wakasafisha kutoka kwenye kopi ya sinema. Biashara haiwezi kufufua kilichooza.

Mzee_wa_Odeon #30
Jamani yule wa Kariakoo kapokea, kasema "nilikuwa najua ni kweli ila ulikuwa unajisifu sana." Mnaikumbuka drive-in ya Msasani? Pale penye ubalozi wa Marekani sasa. Tulikuwa tunakaa nje ya ukuta juu ya mti, sauti hatusikii, nyimbo tunaimba wenyewe.

Binti_Tanga #31
Habari zenu, nimekuwa nasoma kimya siku mbili. Baba yangu marehemu alikuwa anaendesha mashine sinema moja hapa Tanga mpaka ilipofungwa. Stoo kuna kopo la bati, kubwa kama sinia la pilau, siku zote mama anaweka juu yake ndoo ya unga. Baada ya kusoma #6 nimekwenda nimelinusa. Siki. Nifanyeje?

Fundi_Kanda #32
Dada usiikunjue na usiipitishe kwenye mashine yoyote. Ondoa ndoo. Toa kopo stoo peleka chumba kikavu kuliko vyote, mbali na vyakula na mbali na kanda nyingine. Fungua kifuniko mahali penye hewa, kama imejibana usilazimishe. Shika ukingoni tu kwa glavu za pamba, tazama pembeni mwa matundu kumeandikwa nini. Kukiwa na SAFETY pumua. Kukiwa na NITRATE ipeleke uani kivulini, mbali na moto, uniandikie faragha sasa hivi.

Mwana_Ngambo #33
Kopo limeandikwa jina gani?

Binti_Tanga #34
Karatasi imeliwa na mende, imebaki "REEL 9" na herufi za Kihindi nusu. Kifuniko kimefunguka kwa kisu cha siagi. Ndani pembeni imejikunja kama vile alivyosema fundi ila katikati imenyooka. Imeandikwa SAFETY, KODAK, halafu pembetatu mbili.

Fundi_Kanda #35
Alhamdulillah kwa SAFETY. Zile pembetatu ni mwaka wa kiwandani, ila alama za Kodak zinarudia kila baada ya miaka 20 kwa hiyo zenyewe hazitoshi. Kopo la ukubwa huo ni futi elfu mbili, kama dakika ishirini za picha. Kama rili zote ni za ukubwa huo, ya 9 inaanza baada ya saa mbili na nusu, karibu na mwisho wa picha. Kama unaweza kuinua kipande kidogo bila kulazimisha, kielekeze dirishani utuambie unaona nini.

Binti_Tanga #36
Nimeinua kama kiganja. Yote nyekundu kama maji ya rosela. Pembeni kuna mstari wa mawimbi mawimbi, nadhani ndo sauti. Mwanamke amekaa kwenye bembea, bembea ina maua kwenye kamba, nyuma kuna nguzo. Uso umeinama. Picha inayofuata ni hiyo hiyo, mguu umesogea kidogo tu. Baba alikuwa anatuimbia wimbo wa bembea tukilala, sijui kama ni huu.

PwaniMoja #37
Mwili umenisisimka hapa nilipo.

Leicester_Mswahili #38
Dada piga picha kwa simu, taa nyeupe nyuma, weka hapa. Kuna watu Mumbai na Pune kazi yao ni hii, tukijua ni ipi tutajua pa kuandika. Kila picha ina wimbo wa bembea kwa hiyo tusianze kukisia.

Mwana_Ngambo #39
Nimemsomea bi mkubwa yote. Kavaa miwani, kakaa karibu yangu, anauliza huyo wa bembea ana njuga mguuni au hana?

Binti_Tanga #40
Mwambie anazo. Mguu wa kulia. Wa kushoto umeliwa na ukungu. Picha naileta mchana jua likipanda.